Begi la Arusi ya Entebe

Mimi sikupaswa kwenda Entebe. Aliyepaswa kwenda ni dada yangu Milembe, mama wa Kabula, bibi arusi, lakini figo zilimlaza hospitalini hapa Mwanza na madaktari wakamkatalia katakata kusafiri. Akanituma mimi mdogo wake. Akiwa pale kitandani alinielekeza cha kubeba: gauni la sare, viatu vya chini, kwa sababu sherehe ni bustanini na visigino vitazama kwenye nyasi, sweta, maana upepo wa ziwa jioni hauna adabu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na michembe ya kuwapa wakwe.

“Michembe, dada? Viazi vikavu kwenye arusi ya hotelini?”

“Wewe beba. Wajue mtoto katoka wapi.”

Nikabeba. Huwezi kubishana na Milembe hata akiwa na dripu mkononi.

Ijumaa alfajiri niliondoka stendi ya Nyegezi. Zamani pale Busisi tungesota kwenye foleni ya kivuko, siku hizi ni daraja, unavuka kabla hujamaliza kusali. Nilimpigia dada kumwambia nimeshavuka. Akacheka, akakohoa, akanikumbusha nimpige picha Kabula kabla hawajamremba uso.

Bukoba tulifika mchana. Nilikuwa nakula ndizi na samaki kaka yetu Masanja alipopiga simu. Alinisalimia mara mbili, nikajua kuna jambo.

“Mama Kulwa, dada ametutoka. Asubuhi hii, muda mfupi baada ya kuongea na wewe.”

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka sahani ilivyokuwa mbele yangu, na dereva akipiga honi kutuita.

“Wazee wamekaa,” akaendelea. “Kabula asiambiwe mpaka arusi ipite. Ukishamleta, tutamwambia wenyewe.”

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu haambiwi kifo cha mama yake akiwa ugenini. Anaitwa nyumbani kwa kisingizio, anakalishwa, watu wazima wanamshika, ndipo anaambiwa.

Mpakani Mutukula askari aliniuliza naenda kufanya nini Uganda. Nikasema arusi. Akanipa hongera, nami nikamshukuru, nikaenda kulia chooni.

Entebe, jioni. Kabula alinipokea mlangoni, mikono imejaa hina.

“Shikamoo mama mdogo. Mama anaendeleaje? Simu yake haipatikani.”

“Marahaba mwanangu. Itakuwa chaji imemwishia.”

Chumbani alifungua begi langu anitundikie nguo. Alitoa gauni, akatoa viatu, na mimi bado nimekaa kitandani na kilemba changu cha safari, sijavua chochote. Akaacha kutundika.

“Mama mdogo, niangalie.”

Nilijaribu. Wallahi nilijaribu. Nikamwambia.

Alikaa sakafuni, akalia na taulo mdomoni ili wasimamizi wake wa chumba cha pili wasisikie. Kisha akauliza nani anajua. Nikamwambia huku ni sisi wawili tu.

“Basi ibaki hivyo. Watu wameshasafiri, ng'ombe ameshachinjwa, na mama aliitaka hii arusi. Mjomba naye usimwambie kama umeniambia. Ataona umewadharau wazee.”

Jumamosi tulicheza. Wanawake wa kwa bwana arusi walipendeza na magomesi yao, yale magauni marefu ya Kiganda yenye mabega yaliyosimama, ziwa likimetameta nyuma yao. Mama mkwe alitafuna michembe, akaipenda, akauliza dada anaipikaje. Nikamweleza, kama vile Milembe yuko jikoni wakati huo. Kila nilipopiga kigelegele Kabula alinitazama, na wote wawili tukatazama pembeni. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka kwenye sherehe ile. Wageni walipoondoka alimwambia mumewe, na Jumapili tukaondoka watatu.

Nyegezi, giza likiingia. Masanja alikuwa anatungoja amevaa koti, na shangazi wawili wa kumshika Kabula. Akamkalisha kwenye benchi nje ya ofisi ya mabasi, mumewe kasimama kando na mabegi.

“Kabula mwanangu, mama yako aliugua. Tukahangaika. Sasa…”

Kaka yangu, ambaye amewaambia watu misiba mingi, alishindwa kumaliza. Kabula akamshika mkono, akamngoja. Hakumsaidia neno hata moja. Masanja alipolisema, ndipo akalia kwa sauti, na Masanja akalia naye.

Siku zote nilidhani desturi ile ipo kwa ajili ya mfiwa. Pale stendi niliona hata Masanja aliihitaji. Alikuwa hajamlilia dada yake mpaka saa ile.

Ndani ya gari alinigeukia. “Umefanya vizuri kumficha.”

Nikasema asante. Kabula alikuwa katikati yetu, kichwa begani kwa mjomba wake, akisikia kila neno.