Majani Kwenye Kabati la Masanja

Naanza kwa kukiri kabisa kwamba nilichokifanya ni aibu, tena aibu ya mchana kweupe mbele ya wanaume karibu mia, na kama nisingekuwa nimeshachekwa vya kutosha hata leo nisingefungua mdomo kuwasimulia. Nilikuwa Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kitu ambapo ukilala ukiamka unakuta ghorofa jipya, nafanya usafi kwenye duka kubwa kule Al Barsha (nilikuwa nasukuma mashine ya kung'arisha sakafu, na niliisukuma kwa maringo utadhani naendesha gari), na kulala tulikuwa tunalala Sonapur, kwenye kambi ya kampuni, chumba kimoja watu sita, vitanda vya kupandiana na kila mtu kabati lake la chuma, jembamba kama jeneza lililosimamishwa.

Kitanda cha chini yangu alikuwa analala Masanja, Msukuma wa upande wa Kahama, mtu mzima aliyenizidi kama miaka kumi na tano, mpole, haongei sana, kazi yake kumwagilia maua ya barabarani. Mimi nilikuwa namwita kaka Masanja, yeye ananiita mdogo wangu, na hatukuwahi kukosana hata siku moja.

Sasa Ijumaa moja asubuhi nataka kupiga kanzu yangu pasi niende msikitini, na pasi pekee ya chumba kile ilikuwa ya Masanja, na Masanja mwenyewe keshakwenda kanisani (kule ibada yao kubwa ni Ijumaa, maana ndiyo siku ya mapumziko). Nikaona ufunguo wake umening'inia kwenye kabati. Nikajisemea, si pasi tu, nachukua, narudisha, hata hatajua. Hapo ndipo nilipojiharibia, jamani, hapo hapo.

Nilipofungua tu, harufu ikanipiga puani. Harufu kali, nzito, ya majani mabichi yaliyoanza kukauka. Nikachungulia. Nguo hakuna hata moja! Pale pa kutundikia mashati kulikuwa na mafungu ya majani yamefungwa kwa uzi, yananing'inia vichwa chini miguu juu, na mlango kwa ndani umebandikwa mfuko mweusi wa takataka ili mwanga usipenye kwenye vile vitundu vya hewa. Chini kuna chupa tatu za kioo, zile pana za kahawa, zimejaa majani makavu hadi mdomoni. Nikashika jani moja nikalifungua: vidole vitano, vimetanuka kama kiganja, na likaniachia utomvu kwenye ncha za vidole.

Nikalirudisha haraka kama limeniunguza, nikafunga kabati, nikaenda msikitini na kanzu yangu ina makunyanzi.

Lazima niwaambie kwa nini niliogopa. Mjomba wangu mmoja kule Muheza (jina naliweka kapuni) alikuwa analima bangi nyuma ya migomba, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nampelekea uzi. Kwa hiyo nilijua. Nilijua inavyotundikwa kichwa chini gizani, nilijua ikishakauka inavyotiwa kwenye makopo, na kopo linavyofunguliwa kila siku lipumue kidogo lisiote ukungu. Mjomba alikuwa anatuambia ni majani ya chai, mpaka siku polisi walipokuja kunywa hiyo chai. Na hayo ni ya Muheza. Dubai huko, wewe kamatwa na punje tu uone, na hawaulizi kabati ni la nani, wanabeba chumba kizima, sita wote, halafu ndiyo mnaanza kujieleza kwa lugha msiyoijua.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angemuuliza Masanja. Mimi nikaona hapana, nikimuuliza ataniuliza kabati langu ulilifungua kwa ruhusa ya nani, na isitoshe, mtu anayethubutu kuweka kitu kama hicho Dubai unamjua vizuri? Nikaamua kumchunguza.

Na ukishaanza kumchunguza mtu, kila kitu chake kinakuwa ushahidi. Jumamosi jioni nimelala juu najifanya nasinzia, kumbe nachungulia pembeni ya godoro. Masanja akarudi kutoka kazini, akatazama mlangoni, akafungua kabati, akatoa chupa ya kwanza, akafungua kifuniko, akanusa kwa muda mrefu huku amefumba macho, akatikisa, akafunga. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Roho ikaniruka: mjomba mtupu!

Jumapili nikamfuata kwa mbali baada ya chakula. Akazunguka nyuma ya jengo, kule zinakotokeza mashine za AC, mahali hata paka hawaendi kwa lile joto. Nikachungulia pembeni ya ukuta. Kumbe ana shamba! Mimea kama kumi na tano kwenye ndoo za rangi, amezipanga kila ndoo chini ya bomba la AC, maji yanadondoka yenyewe tone tone, na imestawi inanifika kiunoni. Akawa anachuma na kuangalia nyuma, anachuma na kuangalia nyuma. Mtu anayechuma kitu cha halali anaangalia nyuma kwa nini?

Jumatatu ndiyo nikasikia kwa masikio yangu. Yuko kwenye simu, ananong'ona: "Ee, mzigo umekauka vizuri sana safari hii. Hapana, usije na mfuko mweupe, njoo na mweusi. Bosi wa kambi akiuona tumekwisha."

Kesho yake mwenye mfuko mweusi akaja, na alikuwa nani? Ouma, Mjaluo wa Kisumu, askari wa getini! Aliingia chumbani kwetu na sare yake, akapewa kifurushi kimefungwa kwenye gazeti, akanusa, akacheka peke yake, akasema, "Hii ni poa sana, mzee. Ile ya mwisho niliimaliza siku mbili, nikalala kama mtoto." Halafu akaniona mimi nimekaa juu natoa macho, akaninyamazia ghafla, akaweka kifurushi ndani ya mfuko na mfuko ndani ya koti. Koti, na joto lile!

Hapo nikawa sina amani tena. Ikawa kila shati langu nalisikia lile jani. Sare ya kazi niliifua mara tatu kwa siku moja na dawa ya kusafishia vyoo, ikabadilika rangi mgongoni, supavaiza akaniuliza kama nimepigwa na radi. Jumatano dukani akapita polisi na mbwa wake, yule mbwa akasimama kunitazama (nadhani ni kwa sababu ya dawa ya vyoo), nikaachia mashine ya sakafu, ikaenda yenyewe mpaka kwenye duka la viatu.

Alhamisi nikashindwa. Kwa kuwa askari wa geti mwenyewe ni mteja, nikaona nimruke, nikaenda moja kwa moja kwa bosi wa kambi, Mhindi wa Kerala tuliyekuwa tunamwita Bwana Joji. Nikafunga mlango wa ofisi, nikamwambia kwa ule mchanganyiko wetu wa kambini, Kiingereza kidogo, Kiarabu kidogo na mikono mingi, kwamba chumbani kwetu kuna mtu anakausha bangi. Joji akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Nikamwomba sana, "Bwana Joji, taratibu tu, mtu asijue ni mimi." Akaniambia, "Inshallah, inshallah, kesho nitakuja kimya kimya."

Kimya kimya ya Joji, Ijumaa, saa ile ile watu wanatoka msikitini na wengine wanatoka kanisani, kambi nzima iko uani, ni kuja na filimbi. Ndiyo, filimbi! Na nyuma yake askari wawili, na mmoja wa askari hao ni Ouma. Nilipomwona Ouma nikajua nimekwisha. Joji akatutoa chumbani wote sita, akatupanga kwenye ukumbi kama wanafunzi, simu mkononi, anasema akithibitisha tu anaita polisi. Halafu akanyoosha kidole kwangu, mbele ya watu wote, "Wewe! Onyesha kabati!"

Masanja akanigeukia. Alinitazama tu, na mimi nikatazama kandambili zangu.

Kabati likafunguliwa, harufu ikatoka mpaka uani, watu wakaanza kunong'ona kwa lugha saba. Joji akachomoa fungu moja akalishika kwa ncha za vidole, mbali na shati lake. "Una hakika ni bangi? Nikiita polisi na si bangi, kazi yangu khalas."

Sasa mimi nilipaswa kusema sijui. Lakini watu wamejaa, na nilikuwa nimeogopa, na mimi nikiogopa naongea. Nikaanza kufundisha! Nikamwonyesha Joji vidole vya jani, nikamwonyesha utomvu, nikamweleza kwa nini inatundikwa kichwa chini, kwa nini mlango umezibwa, nikachukua chupa nikaifungua nikanusa nikaeleza inavyoachwa ipumue, na mimi mwenyewe nikijisikia naongea vizuri kweli, watu wote wamenyamaza. Nikamaliza. Joji akanitazama polepole kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe umejuaje haya yote?"

Kabla sijajibu, nyuma yake ikalipuka sauti ya kicheko. Ouma alikuwa ameegemea ukuta, kofia ya uaskari imemwanguka. "Bangi? Bangi wapi, bwana! Hii ni dek! Ni mboga! Mama yangu amenilea na hii kitu!"

"Ni mgagani," Masanja akasema taratibu, sauti yake ya kwanza siku ile. "Mboga ya kwetu. Jua la huku linaunguza, ndiyo maana nakausha kivulini. Mbegu alinitumia mke wangu ndani ya barua."

Joji hakuamini. Ouma akachukua chupa, akaenda nayo jikoni, na kambi nzima nyuma yake, ikachemshwa, ikatiwa maziwa na karanga za kusaga, Masanja akala sahani nzima na wali huku watu wamemzunguka wanamkodolea macho, wanasubiri alegee. Hakulegea. Aliomba chumvi.

Mimi nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea chooni, Joji akaita, "Simama! Yeye ni mboga. Wewe mjuzi wa bangi, tunaanza na wewe." Tukarudi chumbani, wakafungua kabati langu. Sina kitu, nilikuwa na uhakika sina kitu, mpaka yule askari mwingine alipotoa kifurushi kidogo cha kitambaa chekundu ndani ya soksi. Jamani, ile ilikuwa dawa. Shangazi yangu alinitumia kwa mtu aliyekuwa anasafiri, dawa ya kupendwa na bosi, kwa sababu nilikuwa nataka Joji anipendekeze niwe supavaiza. Ndani kuna magome ya mti, na karatasi. Joji akaifungua ile karatasi mbele ya watu. Jina lake limeandikwa mara saba kwa wino mwekundu, na chini yake jina langu.

"Kwa nini jina langu liko hapa?" akauliza.

Nikasema sijui Kiingereza.

Ouma, anayezijua dawa hizo, akamtafsiria kifurushi kile ni cha nini. Akamtafsiria kwa sauti kubwa, bila kuacha kitu, na watu waliokuwa uani nao wakatafsiriana, ukasikia kicheko kinatembea, kwanza Wakenya, halafu Waganda, halafu Wahindi, halafu Wapakistani, mpaka kikafika getini. Joji yeye hakucheka. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni (nasikia hakulala vizuri wiki nzima), akasema usupavaiza nisahau.

Ningeishia hapo mngecheka tukaachana. Lakini kuna sehemu inayoniuma. Kupanda kitu chochote kambini kulikuwa kumekatazwa, ndiyo maana Masanja alikuwa anaficha, basi. Joji akaamuru mimea yote ing'olewe siku ile ile, na ning'oe mimi. Niling'oa mmoja mmoja, na Masanja amesimama kivulini ananitazama. Nilipofika wa mwisho nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Niliogopa."

Akasema, "Nilikuwa nalala hatua moja chini yako, mdogo wangu. Ungeinamisha kichwa tu ukaniuliza."

Hakunisemesha tena kwa wiki tatu. Na chumba kizima kilininunia pamoja naye, maana wale wenzetu wanne nao walikuwa wanaila ile mboga kila Jumatano nikiwa kazini, zamu ya jioni, na kumbe ni mimi peke yangu sikuwa najua. Halafu siku moja tumekaa chini tunakula, Masanja akafungua chupa yake ya mwisho iliyobaki, akapika, akagawa, na bakuli moja akalisukuma mbele yangu bila kuniangalia. Mboga ile ni chungu, msidanganywe. Niliimaliza yote, nikaramba na bakuli, nikasema, "Asante, kaka." Akajibu, "Karibu," basi.

Wenzangu, nimeapa na sijavunja: nikimshuku mtu, wa kwanza kuambiwa ni yeye mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Na barua za shangazi siku hizi nazisoma, lakini vifurushi vyake sipokei.