Mbuzi Niliyemkataa kwa Mzee Bakari

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso, na siku hizi nikipita Mayfair naona kama kila mwenye duka anaijua habari yangu.

Nalinda jengo moja Sandton, na humo ndani kuna daktari wa tiba ya asili ya Kikorea. Siku moja nikasoma kikaratasi chake pale mapokezi: kila mwili na nyama yake, wa baridi ale mbuzi na kuku, wa joto ale nguruwe, bata na choroko. Nikajipima mwenyewe (natoka jasho hata Julai, baridi ya huku ikiuma, na hasira ninazo), basi, mimi wa joto! Nguruwe haramu, bata nimtoe wapi, nikabaki na choroko wiki tatu.

Ndipo nikaitwa Mayfair, nyumbani kwa Mzee Bakari, baba yake Mwanaidi, wanitazame vizuri kabla ya kujibu posa yangu. Mzee kachinja mbuzi kwa ajili yangu. Tumekaa mkekani, sinia la pilau katikati, akanisogezea ubavu mnono kwa mkono wake (heshima hiyo mnaijua), nami mjinga nikausukuma ukarudi upande wake.

"Samahani mzee, mwili wangu wa joto."

"Una homa?"

Nikamweleza Korea yote, nikamwambia hata yeye, kwa macho mekundu yale, aachane na mbuzi. Mjomba wake Mwanaidi akasema tu, "Eish."

Nikala wali mtupu, mate yananijaa, mpaka nikaaga nakwenda kunawa. Bomba liko jikoni, na sufuria la nyama liko wazi. Nikasema kipande kimoja tu, nani atajua. Nilikuwa kwenye cha tatu, mfupa mdomoni, mama yake Mwanaidi akaingia.

"Maji umeyaona, mwanangu?"

Nijibu kwa mdomo upi? Nikatikisa kichwa, mchuzi ukachuruzika kwenye kanzu nyeupe, naye akapaza sauti nyumba nzima ikasikia: "Baba Mwanaidi! Njoo, mgeni wako joto limemshuka!"

Nilijua nimemkosa Mwanaidi. Sikupata usingizi wiki nzima, mpaka mshenga wangu akaleta jibu: binti wanatoa, ila nirudi na mbuzi wangu, nimle palepale mkekani, wote wakinitazama. Nikala, Mwanaidi anachungulia mlangoni, anacheka mpaka machozi.

Baadaye nikajikaza nikamwendea yule daktari. Akanishika mshipa wa mkono, akaniuliza maswali, akaniambia mwili wangu ni wa baridi, nile mbuzi. Wallahi sijipimi tena, na choroko nisizione.