Kuku wa Nyuma ya Gauni

Nakhungu alijifunza kushona Webuye, enzi ambazo kiwanda cha karatasi kilinguruma mchana kutwa, na hadi leo hakati kitambaa kabla ya kukata karatasi ya kielelezo. Miaka arobaini sasa anakanyaga cherehani barazani Kitale, na bado anaingiza uzi kwenye sindano bila miwani. Hilo hupenda kulitaja. Aliowafundisha wana meza zao Bungoma na Kimilili. Wote humwita Kukhu, yaani nyanya, na wote walianza vile vile: mwezi mzima wa kushona karatasi ya mfuko wa simiti bila uzi, mstari, kona, mduara, mpaka mguu ujue kutulia.

Linah, msichana wa Saboti, alimaliza mwezi wake kwa wiki tatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Basi Jumatano, Mama Joy wa sokoni alipoleta kitenge cha kuku, Kukhu akampa Linah akate gauni mwenyewe. Jumamosi wakwe wangekuja kuleta mahari ya Joy, na akina mama wa ukoo walikuwa wamechagua sare ya kuku kwa makusudi, maana kwa Mbukusu mgeni ambaye hajachinjiwa kuku hajapokewa.

Linah akaona karatasi itamchelewesha. Akakunja kitambaa, ncha ya juu ikalalia ya chini, akakata mbele na nyuma kwa pamoja. Alipofungua, kuku wa mbele walisimama wima, majogoo kwa matetea. Wa nyuma walikuwa miguu juu, vichwa chini.

Akakimbia dukani. Kitenge kile kilikuwa kimeisha. Akarudi, akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka mezani. Alisema heri arudi kwao akapalilie mahindi, kwa sababu mahindi hayana mbele wala nyuma.

Kukhu hakumgombeza. Alimsogezea kiti, akamsimulia juu ya kanzu za kwaya alizoshona akiwa msichana, kumi na mbili, kila moja ina mikono miwili ya kushoto, na vile waimbaji walivyojaribu kuinua mikono siku ya Pasaka kama watu waliofungwa kamba. Fundi wake alimfumulisha zote, mshono kwa mshono.

"Ambaye hajaharibu ni yule hajashika mkasi," alimwambia. "Wewe umeushika. Sasa niambie, hii nyuma inaweza kuwa nini?"

Jawabu Kukhu alikuwa nalo, lakini alilimeza. Alijua akilitoa, gauni litaokoka na fundi atapotea. Akaendelea kupinda suruali ya mtu.

Linah akageuza kipande cha nyuma cha sketi. Kuku wakasimama, ila upana wa chini ukaja kiunoni. Akakitazama hivyo hivyo, akachukua chaki, akachora mistari mitatu kukingama.

"Kukhu, nikikate vipande vinne, kila kimoja nikigeuze papo hapo? Upande mpana utakuja juu, niukusanye mikunjo-mikunjo uingie kwa kipande kilicho juu yake. Zitakuwa ngazi. Mgongo wa juu nitautoa kwa kile kitambaa kilichobakizwa cha kufunga kichwani."

"Na Mama Joy afunge nini kichwani?"

"Nitamuuliza."

"Enda leo. Mwenye nguo aambiwe na fundi, asiambiwe na nguo."

Linah alienda sokoni na vipande vyake kwapani, akasema yote bila kujificha. Mama Joy alivikunjua juu ya sukuma wiki, akavitazama.

"Kumbe hawa wa nyuma ulikuwa unawapeleka soko, wamening'inia kwa baiskeli," alisema. "Si wakwe wangedhani ninawauzia, bana."

Alicheka, akakubali kitambaa cha kichwa kikatwe, lakini akaonya kwamba Ijumaa atalijaribu gauni, na lisipomkaa atavaa la zamani, ajifiche jikoni siku ya bintiye.

Alhamisi Linah alifumua ngazi ya pili, maana mikusanyo ilirundikana upande mmoja. Kukhu aliona, akaendelea kukanyaga cherehani. Mtoto alikuwa ameona mwenyewe. Ijumaa Mama Joy akavaa, akatembea hadi mwisho wa baraza na kurudi. Ngazi zikatikisika, kuku nao wakatembea. Kwa kuwa hakuweza kujiona mgongo, akaomba jirani ampige picha kwa simu. Akakataa kulivua, akaondoka nalo mwilini.

Jumatatu walikuja wanawake wawili wa ukoo ule, kila mmoja na kitenge chake, wakitaka ngazi nyuma kama za mama wa bibi harusi. Kukhu akawaelekeza kwa Linah. Linah alitandaza mfuko wa simiti mezani ili akate karatasi kwanza, akawauliza picha za vitenge vyao vichwa vinaangalia wapi.