Aliyetutukana Miaka Yote

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, niliposikia kwamba yule bibi amefariki. Muda naukumbuka kwa sababu nilikuwa naangalia simu kila dakika, nikitafuta kisingizio cha kuondoka. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya genge la rafiki yangu wa shule ya msingi, kule kwetu Mlali, na tulikuwa tumeshamaliza mambo ya kuongea. Zamani tulikuwa hatumalizi. Sasa yeye ana mtoto wa miezi minane na nyanya za kupanga mafungu, mimi nina mitihani ya kidato cha tatu na bweni la mbali, na nadhani kila mmoja anamwonea mwenzake huruma kimoyomoyo. Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, akasema bila kusimama, "Jamani, bibi wa njegere katutoka. Mchana huu, usingizini." Rafiki yangu akaliweka fungu la nyanya chini, akanitazama. "Si ndiye mtani wenu yule? Basi kazi kwenu." Akacheka kidogo, halafu akaona uso wangu akaacha.

Mnaosoma ukurasa huu kwenye ubao wa gazeti letu la shule mnanijua kwa maandishi tu. Darasani sinyooshi mkono. Likizo hii nilirudi nyumbani baada ya miaka miwili, na kwa siku tatu nilizunguka kila mahali nilipokuwa napaota nikiwa bwenini: mfereji tuliokuwa tukifulia, darasa letu la kwanza, njia ya kupanda kuelekea milimani ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba. Vyote vipo. Ila nilichoka, sijui niseme vipi, kuchoka kwa mtu anayetabasamu kutwa nzima. Kila nyumba nilikaribishwa, nikaambiwa nimekonda, nikaulizwa nasomea nini, kisha tukatazamana. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa bibi wa njegere siku ya Jumapili. Nilimwacha wa mwisho makusudi, kwa sababu nilikuwa namwogopa.

Aliishi juu kidogo ya kijiji, alilima njegere kwenye matuta ya mlimani, na kila alipozishusha kwenda sokoni alipitia kwetu kututukana. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu hakuna anayejua lini. Hakubisha hodi. Tulikuwa tunasikia sauti kabla ya miguu: "Nyie wavivu, bado mmelala? Jua linawachoma matako!" Bibi yangu naye anamjibu toka jikoni, "Pita huko, mchawi, unatutia mikosi na njegere zako zenye funza!" Wakimaliza wanakaa pamoja wanakunywa chai. Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mlango. Akinikamata alikuwa ananishika kidevu na kusema, "Bubu wangu hajambo? Hivi ukoo huu umeishiwa ndimi mpaka mkazaa bubu?" Kwenye utani unatakiwa ujibu. Ukitukanwa, tukana zaidi. Sikuwahi kumjibu hata mara moja. Nilikuwa napanga majibu mazuri sana usiku kitandani, na asubuhi hayatoki.

Lakini kuna siku moja ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Babu yangu alipofariki nilikuwa darasa la tano. Bibi alikaa kwenye mkeka siku nzima bila kusema neno, bila chozi, macho makavu kama amewashiwa taa usoni. Watu walimwambia pole, akaitikia kwa kichwa. Ndipo mtani wetu akatokea chumbani amevaa koti la babu na kofia yake, anakohoa kikohozi chake kilekile, anatembea na fimbo kwa kuburuta mguu wa kushoto. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha marehemu, akakaa, akasema kwa sauti nzito: "Mbona mmejaa hivi nyumbani kwangu? Nani kawaalika? Na wewe mwanamke, radio yangu umeificha wapi?" Nilidhani atapigwa. Bibi akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, kilio chenyewe, cha sauti kubwa, wanawake wakamkumbatia. Usiku huo akalala. Mama aliniambia asingecheka angepata maradhi.

Basi Jumamosi hiyo nilipofika nyumbani, Bibi alikuwa ameketi kitandani na miguu yake iliyovimba, habari ameshapata. Hakunipa nafasi ya kukaa. Alihesabu watu wa ukoo wetu kwa vidole: mama yangu yuko mbali kikazi na hana ruhusa, mjomba yuko zamu kwenye mashamba ya miwa, wengine wote wameshuka Dakawa kuvuna mpunga na simu zao hazipatikani. Nikamwambia wapo watoto wa baba mdogo, tena wale wana maneno. "Wale ni wa ukoo wa mama yao," akasema. "Kwetu ukoo haupiti kwa baba. Umepita kwangu, ukapita kwa mama yako, umefika kwako. Nenda ukawaambie watani tumefika."

Nilikwenda saa moja usiku. Pale msibani walikuwa wameshafunga turubai na kupanga viti vya plastiki. Binti wa marehemu, mtu mzima kumzidi mama yangu, alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesimama mlangoni na simu mbili mkononi, anaelekeza watu wapi waweke sufuria. Nilibisha hodi. Nikapiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nikasema, kwa sauti ya kujisikia mwenyewe tu, kwamba nimetumwa na Bibi, sisi ndio watani. Akanishika bega kwa upole kabisa. "Msalimie sana Bibi. Mwambie nashukuru. Lakini mwanangu, safari hii tuzike kwa utulivu. Nina wageni wa kazini wanakuja, hawatayaelewa mambo ya kuchekeshana. Mama apumzike tu." Nikaitikia, "Sawa, mama." Nasema ukweli: nilifurahi. Nilishuka ule mteremko karibu nikimbie.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulibisha hodi?" Nikasema ndiyo. "Ukamwamkia?" Nikasema ndiyo, yeye ni mkubwa. Akafumba macho. "Ndipo ulipoharibu. Ulikwenda kama mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Mtoto wa jirani unaweza kumwambia hapana. Mtani habishi hodi, mtani hamwamkii mtani mwenzie. Angekuona unaingia kama mwizi angejua nani kaja, na asingekuwa na la kukataa." Nikamwambia, Bibi, mwenyewe kasema hataki. "Yule hajui anachokataa, aliondoka hapa mdogo. Umemwona amelia?" Nikafikiria. Sikumwona amelia. "Amekula?" Sikujua. "Bibi wa njegere amewazika watu wetu wote. Baba yangu, dada zangu, babu yako. Kesho akitoka ndani kimya hivyo, anatoka kama mpangaji anayehama. Na aibu hiyo siyo ya binti yake. Ni yetu."

Sikulala vizuri, na katika kutolala huko ndiko yalikotoka mawazo haya ninayowaandikia. Siku hizi tunajua sana kupanga msiba. Turubai linafika kabla ya ndugu, picha ya marehemu inawekwa kwenye simu kabla hajaoshwa, na maneno chini yake yanafanana kila mara. Hata mimi nilikuwa nimeshaiandika yangu, "Pumzika kwa amani Bibi", na alama ya moyo. Nikaifuta. Nilijiuliza kama yule mwanamke aliwahi kufanya jambo lolote kwa amani. Tena niliona kitu kuhusu nafsi yangu ambacho hakikunipendeza. Huwa nauita unyamavu wangu adabu. Walimu wanausifu, ripoti zangu zote zimeandikwa "mtulivu". Lakini pale mlangoni haukuwa adabu. Nilikuwa natafuta pa kuponea, na yule mama alinipa njia ya kupita, nikaipita. Kuna kazi ambazo ukizikwepa hakuna atakayekulaumu, maana hata hawajui kwamba zilikuwa zako. Nadhani hizo ndizo zinazotupima. Marehemu alikuwa na mgongo unaomuuma na njegere za kuwahisha sokoni, na bado miaka yote alipita kwetu kuhakikisha tumeudhika, tumecheka, tuko hai. Sikuwahi kufikiria kwamba naye huwa anachoka.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya Bibi, nikavaa kanga ndani nje na viatu nikabadilisha, cha kulia kushoto, ili nisipate nafasi ya kujifanya nimepita tu. Nilipofika maiti ilikuwa imeshaoshwa, na wanaume walikuwa wanajiandaa kuingia na jeneza. Sikubisha hodi. Nilipita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, nikalala chini kwenye kizingiti cha mlango, chali, mikono kifuani. Sheikh akasema, "Mtoto, inuka, tunachelewa." Nikasema, "Hatoki mtu hapa." Sauti ilitoka nyembamba mno, nikarudia kwa nguvu. "Hatoki mtu! Huyu mchoyo wa njegere anatoroka! Kanitukana tangu nazaliwa, leo nimekuja na majibu anajifanya amelala!"

Nikaona mguu wa mtu karibu na sikio langu na nikajua nimeharibu tena. Ndipo bibi mmoja kwenye mkeka akapaza sauti: "Eheee! Bubu kaongea!" Mwingine akadakia, "Mwacheni, huyo ni mtani! Ukoo umebakiza kamoja, tena kenyewe kembamba kama fito, lakini kamekuja!" Vicheko vikaanza nyuma, vikasogea mbele. Mzee aliyeshika jeneza akalishusha taratibu. "Haya mtani, unataka nini utupishe?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikageuza shingo nikamwona binti wa marehemu ameegemea ukuta, midomo imekauka, simu zote mbili zimezimika mkononi. Nikasema, "Siinuki mpaka huyu mpikiwa chipsi wa mjini ale kiporo cha wali. Na maharage. Hapa hapa, namwona." Wanawake wakapiga vigelegele, sahani ikatokea sijui wapi. Yeye akanitazama pale chini, kanga ndani nje, viatu vimegeuka. "Wewe mtoto," akasema, "jana si uliniamkia vizuri wewe?" Nikamjibu, "Jana nilikuwa nakuchunguza." Akacheka mara moja, kama mtu aliyepaliwa, halafu akalia kwa sauti, "Mama yangu wee, mama yangu," huku bibi wa mkeka anamwekea tonge mdomoni.

Akatafuna, akameza. Nikainuka, nikajipangusa vumbi, nikawapisha.