Mgonjwa wa Moyo Aliyeitika

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimezaliwa Vihiga, nimelelewa kanisani, na nimefanya kazi na wagonjwa tangu nimalize shule. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, tena jua halijazama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nimepanga chumba Kitengela. Nilikuwa nafanya kazi na watu wa utafiti wa dawa ya moyo. Wagonjwa walipewa dawa, wakatakiwa kurudi kliniki kupimwa, na asiyerudi tulimwita aliyepotea. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta waliopotea. Ni kazi ya upweke kuliko unavyofikiri. Mchana kutwa unauliza habari za watu, jioni unarudi kwenye chumba ambacho hakuna anayeuliza habari zako.

Wengi niliwapata. Huyu amehama na ng'ombe, yule amechoka kudungwa sindano. Lakini kulikuwa na mzee mmoja wa Kimaasai, upande wa nyuma ya Isinya, aliyeninyima usingizi. Nilimpima mwenyewe alipoanza. Moyo wake ulikuwa umechoka sana, na bila dawa hangefika mbali. Alikuwa mtu wa mzaha. Kila akija aliniuliza kama ni kweli kwetu Vihiga, tunakosifika kwa kupenda kuku, hata mgonjwa mahututi huamka akisikia harufu ya kuku. Nilitaka kumpata akiwa hai, na si kwa ajili ya utafiti tu. Nilimpenda yule mzee.

Nikiwauliza majirani, mambo yalikuwa yale yale. Nataja jina lake, mtu anageuka kuangalia mbuzi. Nataja tena, ananiuliza kama Nairobi kumenyesha. Nikajiambia hawa wanamficha, labda wanadhani nimetumwa na chifu. Basi siku hiyo dereva wetu akaniacha barabarani, nikakata mbuga kwa miguu hadi bomani kwake. Langoni hapakuwa na mtu. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu: nikasimama kando ya ua wa miiba, nikaita jina lake kwa sauti, nikarudia, nikarudia tena.

Akaitika.

Alitokea upande wa zizi, shuka begani, fimbo mkononi, amekonda kidogo. "Takwenya," akanisalimia, kama wanavyosalimiwa wanawake kwao. Nikaitika "Iko," nikacheka kwa furaha. Niamini, nusura nimkumbatie. Nikamuuliza mbona alitutoroka.

"Sijatoroka," akasema. "Niko tu hapa."

Akaketi juu ya jiwe. Nikatoa mashine ya presha, nikamfunga mkanda mkononi, nikavaa stethoskopu. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini upepo wa huko nao una baridi. Nikajaza hewa, nikaiachilia polepole. Kimya. Mshale ulishuka bila kutikisika hata kidogo. Nikarudia. Kimya. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri mashine imeharibika. Nikajifunga mkanda mwenyewe, na moyo wangu nikausikia ukidunda vizuri kabisa. Nikamfunga yeye tena, nikajaza hewa, maana sikujua la kufanya.

Alikuwa ananiangalia tu. "Wewe ndio umeniita," akasema. "Siku hizi hakuna mtu ananiita. Bibi yangu, hapana. Watoto, hapana. Nakaa hapo kwa moto na wao, wanaongea tu mambo ya ng'ombe."

"Mmekosana, mzee?"

"Hapana. Niite tena."

Sauti aliyosema nayo iliniuma. Nikamwita taratibu, kama unavyomwamsha mtu usiyetaka kumshtua. Akafumba macho, akatabasamu.

"Mama, unaongea na nani?"

Nyuma yangu alikuwa amesimama bibi yake, mzigo wa kuni mgongoni. Niligeuka nimwonyeshe. Jiwe lilikuwa tupu. Mkanda wa presha ulikuwa chini, bado umefungwa, umejaa hewa.

Yule mama hakupiga kelele. Alitua kuni, akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mtoto. "Huyo unaita, sisi hatuiti. Mtu akienda, jina linaenda na yeye. Kijana wa shemeji yangu alikuwa na hilo jina, tukambadilishia. Mzee alituacha kabla ya mvua." Kisha akaniangalia. "Sasa umemwita, na amekuja. Sisi tutafanya nini?"

Niliokota mkanda wangu, nikaondoka. Majirani hawakuwa wamenificha kitu. Kulikwepa kwao jina lile ndiko kulikokuwa jibu, na mimi sikulielewa. Baada ya muda nilisikia wamelihama lile boma, wakaliacha kwa upepo. Nami niliiacha ile kazi.

Kwa hiyo, wewe ambaye kazi yako ni kutafuta watu, nisikilize. Ukifika kwenye boma la wenyewe, usiite jina. Salimia, ngoja mwenyeji atoke. Wakibadilisha mazungumzo, badilisha nao, uende zako.

Na umeona sijakutajia jina lake. Usiniulize. Bado naishi peke yangu Kitengela, na jioni chumba kikinyamaza sana, jina lile hunijia hadi kwenye ulimi. Najua nikilitamka tu, nitapata mtu wa kuongea naye.