Nilimwaga Dopamini ya Dadangu kwa Sababu ya Chapati

Kosa ni langu, msinitafutie wakili. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka hapa kwetu Lanet hadi mjini, kwangu ni safari ya kufungashiwa chakula. Sasa mtu asiyetoka nje anaharibuje sayansi? Aki, niliweza!

Dadangu mdogo, Wairimu, anasomea uzamili chuo kikuu huko Njoro. Anachunguza jinsi dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, inavyoshikana na ATP, molekuli inayobeba nguvu mwilini. Anapitisha mwanga kwenye mchanganyiko, mashine inasoma mwanga ulivyobadilika. Friji ya maabara ilipoharibika, alileta vichupa sita vya mchanganyiko huo nyumbani, akavifunika kwa foili na kuviweka kwenye friji yetu.

"Bro, hizi zisione jua. Na zisitoke kwa baridi. Umeskia?"

"Nimeskia, daktari."

Jumamosi nikapika chapati. Foili imeisha! Ninyi mngefanya nini? Nikavua ile ya vichupa, nikafunika chapati zangu zibaki laini. Vichupa nikaviweka dirishani kidogo tu, nipange friji. Nikavisahau hadi jioni.

Weh! Vilikuwa vimegeuka rangi kama chai ya strungi, ile isiyo na maziwa.

Hapo ndipo nilipokosa kabisa. Nilimwaga yote, nikajaza maji ya mfereji, nikarudisha foili. Niliipangusa mafuta kwanza. Mimi ni msafi.

Jumatatu Wairimu alivipeleka maabara, akarudi macho mekundu. "Mashine haioni dopamini, haioni ATP, haioni kitu! Msimamizi wangu anasema sijui hata kupima. Nadhani ni kweli. Naacha hii masomo."

Msichana aliyekesha na vitabu tangu darasa la nne!

"Wairimu, hayo ni maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji."

"Kwa hivyo najua kupima?"

"Unajua sana."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akanirushia mwiko.

Kesho yake nilipelekwa Njoro kama mshukiwa, nikamweleza msimamizi kila kitu. Mzee alivua miwani, akauliza, "Na chapati, zilikuwa laini?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa maana Wairimu hakucheka. Ameanza utafiti upya, na wenzake watavaa majoho mwaka huu yeye akiwapigia makofi.

Wenzangu, ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo. Mimi niliharibu vichupa tu. Nilipoficha, karibu nimharibu mwenye vichupa.