Wavulana Wasio na Majirani

Kitabu nilikinunua mjini kwa muuza vitabu vya mitumba, nikakifikisha mtaani kwetu Jericho chini ya shati. Kilikuwa riwaya ya vijana: wavulana wawili wa bendi moja wanaimba, wanacheza jukwaani, na wanapendana. Nilikivika jalada la gazeti, vile mama zetu walivyotufundisha kuvika vitabu vya shule kila Januari, kisha nikaandika juu yake "Biolojia". Mama alikiona mezani akafurahi, akidhani nataka kurudi chuoni.

Nilikisoma kwenye foleni ya mfereji, nikisubiri mitungi ijae. Nilikuwa na sababu. Kanisani tulikuwa kundi la wavulana watano, tukialikwa kuimba harusini, na kwa miaka miwili nilikuwa nikimpenda yule wa sauti ya nne. Mimi ni sauti ya tatu, kwa hiyo tulisimama bega kwa bega. Sikujua nimwambie vipi. Nilidhani kitabu kitajua.

Wapi! Shida yote ya wale wavulana ilikuwa meneja wao. Walipotangaza mapenzi yao jukwaani, watu walishangilia na kulia kwa furaha, mama wa mmoja akaoka keki, basi, kitabu kikaisha. Nilikasirika hadi nikapiga mtungi teke. Huku kwetu ukikohoa, jirani anakupa pole kupitia ukutani. Mwandishi alikuwa amenidanganya mchana kweupe, nami mjinga nikamwamini tangu ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo nilimpa rafiki yangu huyo wa sauti ya nne akisome. Sikuwa na kitu kingine cha kunisemea. Nilikunja pembe ya ukurasa ambapo wanashikana mikono nyuma ya pazia, nikamwambia asimwonyeshe mtu.

Jumapili tatu sikuweza kumtazama usoni. Ya nne, baada ya mazoezi, alinirudishia. Gazeti langu lilikuwa limechanika, naye alikuwa amekivika jingine, akaandika "Biolojia" tena kwa mwandiko wake.

"Nimemaliza," alisema. "Lakini buda, kwani hao maboyz hawana majirani?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kumbe tulikuwa tumekasirikia kitu kilekile. Sijawahi kufurahi vile, kabla ya hapo wala baadaye.

Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Mi niko na majirani. Na niko na mathe, na wangu si mama wa kuoka keki. Disemba tunapeleka posa kwa kina msichana fulani. Mtaniimbia, ama?"

"Sawa," nikasema.

Siku ya harusi tulisimama wanne, pengo lake likiwa kando yangu. Mimi ndiye huanzisha nyimbo zetu, kwa hiyo bibi harusi alipoingia, wenzangu walinigeukia. Nilianzisha. Tulipofika kwenye kiitikio, bwana harusi, kule mbele, akiwa ametupa mgongo, aliingia na sauti ya nne. Hakugeuka.

Watu walishangilia. Wengine walilia kwa furaha.